Bangili Ndani ya Pipa

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu kanikabidhi banda la vioo kwa wiki mbili. Miche arobaini ya ngano: ndiyo shahada yake nzima. Maji ya pipani yamechujwa, hayana hata chembe ya shaba, maana anachunguza ngano inavyoishi bila shaba. Kasema, Babu, mwagilia tu, usiongeze kitu, hata dua soma kimoyomoyo. Mimi! Miaka thelathini na minne nimefundisha baiolojia!

Alhamisi, 7 Machi
Majani machanga yamepauka nchani, yamejisokota. Sababu naijua. Mmea ukikosa shaba, huwasha jeni za kuitafuta mizizini. Huzima jeni za vimeng'enya vinavyoila, pale ambapo chuma kinaweza kushika zamu. Kiasi kidogo kilichobaki hutunziwa kazi ya kunasa nguvu ya jua. Nami ndivyo ninavyoishi tangu mke wangu afariki: vyumba viwili nimefunga, nalala karibu na jiko.
Fundi wa maabara, tunayemwita Darubini, kachungulia. Kauliza, mwalimu, unamwagilia au unazika? Haya!

Ijumaa, 8 Machi
Nimevua bangili yangu ya shaba, ya baridi yabisi, aliyoninunulia marehemu. Nimeitumbukiza pipani. Huku si kuongeza kitu. Ni kuazima.

Alhamisi, 14 Machi
Majani mapya, kijani kibichi! Darubini kachungulia, kaenda zake. Ushindi!

Jumatatu, 18 Machi
Mjukuu karudi, kakata vipande vya majani, kapima. Jeni za kutafuta shaba zote kimya, kama mtu aliyeshiba. Miche imenishtaki! Kazamisha mkono pipani, kaibuka na bangili ya bibi yake. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema, mume wangu, hiyo ni miezi saba ya kazi. Kisha kanivisha bangili yeye mwenyewe.

Jumatano, 10 Aprili
Ameotesha upya. Fungu hili likiharibika, hana muda wa jingine. Kasafiri, ufunguo kaniachia. Hana mwingine wa kumwachia. Nimeapa bangili haitavuka kizingiti. Haijavuka, iko kabatini.
Mche wa kona ya nyuma umeanza kupauka. Nimetafakari sana kosa langu, nimelipata: shaba ilizidi, jeni zikasikia. Pete yetu ya ndoa nayo ni ya shaba. Tulioana hatuna kitu. Pete sikuiapia. Nyembamba kabisa. Jeni haziwezi kuisikia.