Mvule wa Mpakani

Jumatatu, 6 Julai 1998
Mtaalamu kaingia kijijini kwetu Ikuti. Binti mpole, Yusra, kutoka chuo kikuu. Anakusanya majani ya mivule. Kasema kila mti una alama zake za urithi ndani ya jani, na maabara ikizisoma inajua mtoto ni yupi, mama yupi, baba yupi. Nusura nimkumbatie. Tangu biashara ya mbao iachiwe huru na malori yaanze kupanda huku, mimi na jirani yangu Hezron tunagombea mvule uliojiotea mpakani mwa mashamba yetu. Kila mmoja anadai ni mbegu ya mvule wake. Hezron ni rika langu, tumekula sahani moja tangu utoto. Sasa nala peke yangu na ndizi hazinogi. Potelea mbali, maabara itanipa haki yangu.

Jumanne, 7 Julai
Yusra alipokwenda kunawa, nikafungua bahasha aliyoiandika jina la Hezron. Nikatoa jani la mvule wake, nikatia jingine. Mti wake uonekane hauna undugu na yeyote! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 8 Julai
Yusra kaniita mbele ya Hezron. Kwa adabu kabisa kauliza, mzee wangu, tangu lini mvule ukaota majani ya mparachichi. Aibu gani hii. Hezron kacheka mpaka kashika kiuno. Siku nyingi sijakisikia kicheko kile. Nimekasirika sana. Nimefurahi pia, ila hilo lisitoke humu.

Jumamosi, 14 Novemba
Majibu! Yusra katukalisha wote wawili, kaeleza kuwa mivule ina dume na jike. Wangu jike, ndiye mama. Wa Hezron dume, ndiye baba. Wa mpakani ni mtoto wao. Hezron kaninyooshea mkono, kaniita mkwe. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Tumekula mbalaga, ndizi zetu za kupika, sahani moja. Mke wangu Tupokigwe kasema ndaga, asante, sasa atapumzika na malalamiko yangu.

Jumapili, 15 Novemba
Nimeamka na wazo. Kwetu sisi, asiyetoa ng'ombe wa mahari hana mtoto, mtoto ni wa upande wa mama. Hezron alitoa ng'ombe lini? Mvule ni wangu! Nimemkamata mlangoni mwa kanisa, nikamdai. Kasema ng'ombe hana, ila atakuja kila jioni tujadiliane, nimwekee ndizi. Nimekubali. Nilitaka ng'ombe mmoja, lakini nitadai watatu, asije akamaliza mjadala upesi.