Kipaza Sauti Kilichowatoa Mapacha Nje

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Si kwa maana hiyo. Tulieni niwaeleze.)

Mdogo wangu Ajiambo ameolewa Tororo, kwa Wajopadhola. Amejifungua mapacha wa kike: Apio aliyetangulia na Adongo aliyefuata. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwatoa nje na kuwaombea. Kumbe kulikuwa na vita. Mama mkwe wake anataka nyimbo za mapacha, zile ambazo watu wa baba na watu wa mama wanatukanana kwa furaha. Pasta naye amesema yakiimbwa matusi, yeye haombei mtu. Ajiambo amekaa ndani na watoto tangu wazaliwe, hajui amsikilize nani. Jana akanipigia analia. "Dada, njoo. Wewe watakusikiliza."

Watanisikiliza kwa sababu mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu Busia, upande wa Kenya. Semina ya kuachana na mila nimefundisha mimi. Nikavaa sare ya kanisa, nikamchukua shangazi Taaka na ndugu zetu wengine, tukavuka mpaka.

Tukakuta hema limejaa, jenereta linanguruma, na spika kubwa kama makabati. Nikapewa nafasi ya kusalimia. Fundi wa mitambo akanibana kipaza sauti kidogo kwenye kola. Nikasema kwa heshima zote kwamba sisi tumeokoka na matusi hatuimbi. Watu wangu wakapiga makofi. Nikakaa, nimeridhika na nafsi yangu.

Fundi akazima mitambo, tukanywa chai. Mama mkwe, mama mfupi anayeongea polepole, akaja kukaa karibu nami.

"Mama Debora, mimi pia naokoka. Kwaya naimba tangu msichana. Lakini hii watoto haiwezi toka kama watu ya mama yao hawaimbi. Watu itasema nyinyi hamupendi hii watoto."

Hapo alinipata. Nikaenda dirishani kwa Ajiambo. Alikuwa amekonda, mtoto mmoja kifuani, mwingine mapajani.

"Dada, mimi nataka tu kuota jua na wanangu," akasema. "Imba chochote."

Semina yote ikanitoka kichwani. Nikamvuta shangazi Taaka nyuma ya jiko.

"Nifundishe mmoja. Ule mfupi."

Shangazi, ambaye naamini alikuwa anaisubiri siku hii tangu nibatizwe, akauweka kwa Kiswahili ili wakwe waelewe:

"Okoth mwembamba kama mwiko,
nguvu za mapacha alizitoa wapi?
Ni kitanda tulichompa sisi!"

(Okoth ndiye shemeji. Kuna ubeti wa pili siuandiki, baba mkwe yumo kwenye grupu hii.)

Nikaimba polepole. Shangazi akasema nitoe sauti, hapa si mazishini. Nikatoa sauti. Nikatikisa na mabega. Kisha nikasikia mtu anauimba wimbo uleule mbele ya nyumba, sauti nene, nzuri kabisa.

"Shangazi, sikia. Wanatuibia wimbo."

Na mbele ya nyumba ikasikika: "Shangazi, sikia. Wanatuibia wimbo."

Shangazi akaitazama kola yangu.

Pasta alikuwa amesimama kuomba, na fundi alikuwa amewasha mitambo yote. Yote.

Nilitamani kukimbia kwa miguu hadi Busia. Lakini kola yangu bado ilikuwa inahema kwenye spika, ningejificha wapi? Nikatokea. Watu wamesimama, macho yamefumbwa kwa maombi, mabega yanatetemeka. Pasta amekatiza maombi. Baba mkwe anaangalia juu kama anayetafuta mvua.

Kisha mama mkwe akapiga vigelegele. Akaja mbele, mikono kiunoni, akanijibu:

"Dada ya mama mapacha,
makalio ilivuka mpaka jana,
yeye mwenyewe amefika leo!"

Jamani. Nikasahau sare, nikasahau uenyekiti, nikamrudishia ubeti wa pili, kwa spika. Ngoma ikaingia. Majirani wakaja mbio kutoka mashambani, wengine na majembe mkononi. Mlango ukafunguliwa, Ajiambo akatoka na watoto wake wawili, amekunja uso kwa mwanga, anacheka na kulia pamoja.

Pasta akaanza kuja kwangu. Nikajua nimekwisha.

"Mwenyekiti, jina yangu unajua?"

"Pasta."

"Mimi naitwa Odongo."

Odongo ni mwanamume aliyezaliwa wa pili kwa mapacha.

"Mimi pia walinitoa nyumba namna hii," akasema. "Mama aliniambia waliimba mbaya kuliko yako. Nilikuwa nakataza kwa sababu naogopa watu ya kanisa watanisema. Sasa mwenyekiti mwenyewe ameimba. Nani atanisema?"

Akawachukua wale watoto, mmoja kila mkono, akaomba. Sijawahi kusikia maombi kama yale. Ngoma haikunyamaza, ilipungua tu, ikawa inapiga chini ya maneno yake. Waliosema "Amina" walikuwa wengi kuliko hema.

Nimerudi nyumbani sasa hivi, sare imeachia pindo. Akina mama tayari wameniuliza semina ijayo nitafundisha nini. Nimewaambia nitafundisha kuimba.

Mwenye video asinitumie. Nimeshaiona, na nimeimba vizuri.