Mjukuu Wangu Kulazwa Hemani Kilimani Mwezi wa Saba

Kwa Chifu wetu mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakupata ukiwa mzima na ofisi ikiwa kavu. Mimi ni Kalekye Ndolo, mjane, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwenye ile nyumba ya matofali unayoiona ukitoka soko la Mbumbuni. Ninamshtaki mwanangu Muli pamoja na mke wake Wanjiro.

Hawa wawili wanaishi Kiboko, kwenye joto. Jumamosi iliyopita walikuja na mtoto wao wa kike, ambaye hata kutambaa bado hajajua. Walikunywa chai yangu, wakaacha gari uani, wakafunga mizigo mgongoni wakapanda kile kilima chenye msitu kwenda kulala ndani ya hema. Hakuna aliyewafukuza. Hatukuwa tumegombana. Walisema ni kujivinjari. Na wewe Chifu unaujua mwezi wa saba huku juu: manyunyu kutwa nzima, ukungu, hata kuku hawataki kutoka. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nilidharauliwa. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, na sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ilikuwa jikoni. Jirani yangu Kalunde aliwaona wakipita, na kabla hawajafika msituni habari ilikuwa sokoni kwamba nimemnyima mkaza mwana wangu kitanda kwa sababu ametoka Kinangop, si wa kabila letu. Mimi, ambaye nilijifunza kupika mukimo, viazi vya kuponda vya kwao, kwa ajili yake.

2. Mtoto huyo anaitwa Kalekye. Alipewa jina langu, na kwa mila yetu yeye ni mimi. Kwa hivyo, Chifu, aliyelazwa msituni ni raia mzee mwenye kitambulisho, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Hili peke yake linatosha kufikishwa kortini.

3. Nilizuiwa kumwokoa. Muli alipokuwa mchanga alishikwa na nimonia mwezi kama huu, nikakaa naye hospitalini nikisikiliza kifua chake kikikoroma. Sauti hiyo haijawahi kunitoka masikioni. Basi nilibeba mablanketi na jiko la makaa, nikapanda. Nilifika juu giza likiingia. Wanjiro alinipokea mablanketi vizuri, lakini akasimama mbele ya jiko.

"Mama, makaa hayaingii ndani ya hema," akasema. "Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini, na hawasikii chochote."

Alisema kwa adabu, na hakusogea. Nikamkumbusha kwamba mimi nimezaa na kulea. Akakubali kwamba nimezaa na kulea, na hakusogea. Jiko langu likabaki nje kwenye manyunyu mpaka likazima. Muli, ambaye ni mwanangu wa kumzaa, alikuwa anakaza kamba za hema zilizokwisha kukazwa.

4. Niliaibishwa mbele ya mtoto. Nilimkuta amevalishwa sufu kutoka kichwani hadi vidoleni, amelala juu ya godoro jembamba, ubavuni mwa nafasi ya mama yake. Nikataka kumrundikia mablanketi yote. Wanjiro akakataa tena, eti yatamfunika uso. Akanishika mkono akanielekeza, "Mguse hapa nyuma ya shingo."

Nikamgusa. Shingo ilikuwa na joto kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi. Mtoto akaruka akalia, kwa sababu mwenye baridi nilikuwa mimi. Nami pia nililia kidogo, lakini hilo naomba lisiingie kwenye faili.

5. Nilizuiliwa kinyume cha sheria. Ukungu ulifunga njia, na Muli akanikataza kushuka. Nililazwa upande wa pili, nikafunikwa na yale mablanketi niliyoyabeba mwenyewe. Chifu, tangu mzee Ndolo afariki mimi silali vizuri. Usiku huo nililala, na watu hawa wakaniacha nilale. Nilipoamka, ibada ilikuwa imeanza. Wimbo wa akina mama ulianzishwa na Kalunde, kwa sauti ya juu ambayo hakuna aliyeweza kumfuata. Kanisa zima limeumia kwa sababu ya hema moja.

6. Hili ndilo baya zaidi. Asubuhi hiyo mtoto alicheka. Alikuwa akiangalia matone ya maji yakiteremka juu ya kitambaa cha hema, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kwangu, chini ya mabati mazuri, huwa ananikunjia uso. Sasa wote wako hapa nyumbani hadi likizo ya Muli iishe, na kila nikimlaza mtoto kitandani anaangalia dari kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho si chake.

Kwa hivyo ninaomba mahema yote ya lokesheni hii yakusanywe na kufungiwa ofisini kwako. Kilima kifungwe kuanzia mwezi wa sita mpaka jua lirudi. Asiye na meno asilale popote pasipo na ukuta. Na Wanjiro aitwe mbele ya baraza aeleze ni nani aliyemfundisha kuwa sahihi namna ile. Akishaeleza apewe kiti na uji, maana ananyonyesha.

Nisalimie mama watoto, karani wako, wazee wote wa vijiji, na yule askari wako aliyeumwa na nyuki.

Ni mimi mwananchi wako, ninayengoja hatua kali,

Kalekye Ndolo.

Tanbihi: Unisamehe mwandiko. Humu ndani hakuna meza, kwa hivyo naandikia magotini, na mtoto amelala kwenye mkono wangu wa kushoto. Hema tumelisimamisha uani tangu juzi. Wazazi wake wamejipumzisha ndani ya nyumba, kwenye vitanda. Ukija kuchunguza, usibishe mlangoni. Pitia nyuma, ukwaruze kitambaa kwa kidole, polepole, asiamke.