Mama Finland wa Kaloleni

Jumamosi, 7 Machi
Mgongo umekatika. Nimeshinda nyuma ya ukumbi wa Kaloleni nimechuchumaa, nikisugua masufuria ya harusi ya watu. Gauni jipya limejaa masizi. Sheria ya mtaa huu haijaandikwa popote, ila kila mtu anaijua: mwenye mtoto anaketi, asiye na mtoto anaosha. Hawaulizi kama uko chuo mwaka wa pili. Hawajali kama una miwani.

Na Shirleen aliketi! Shirleen Warigia, tuliyekaa dawati moja tangu darasa la nne! Alijifungua Desemba, na sasa hakuna anayemwita Shirleen tena. Ni Mama Ngigi. Huyo Ngigi amepewa jina la baba wa babake, kama desturi yao ilivyo, kwa hivyo ana jina la mzee wa kustaafu na hana jino hata moja. Lakini amemtoa mamake kwenye masufuria! Shirleen aliniita kwa kidole. Akaniagiza soda nyingine, na ile sufuria kubwa niisugue na chini pia. Nikaisugua. Machozi yalinilenga.

Jumamosi ijayo Mama Nalianya, mwenyekiti wa akina mama, anamwoza bintiye. Nimeapa. Siku hiyo nitaketi!

Jumapili, 8 Machi
Nimepata njia. Ilinijia katikati ya mahubiri, kwa hivyo huenda imetoka juu.

Kuzaa sitaki. Kwanza kuna mtihani Mei. Pili, mama ataniua. Tatu, Shirleen alinisimulia habari za leba nikaomba maji ya kunywa. Pia hakuna mwanamume. Lakini kuasili mtoto! Nikachungulia simu chini ya Biblia. Kwetu wanataka uwe na miaka ishirini na mitano. Mimi nina ishirini. Uonevu mtupu.

Basi nitaasili wa ng'ambo! Wazungu wamekuja kuchukua watoto kwetu miaka na mikaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwarudishia fadhila. Nitakuwa wa kwanza. Nimechagua Finland, kwa sababu nimesoma kwamba watu wa huko wana furaha kuliko wote duniani, maana yake watoto wao hawalii. Wangu ataitwa Aino. Mimi nitakuwa Mama Aino! Nimejiita hivyo mbele ya kioo mpaka mama akauliza ninaongea na nani.

Jumatatu, 9 Machi
Nimeliandikia shirika moja la huko linaloshughulikia watoto wa kuasili. Nimekuwa mkweli: mwanafunzi, mlokole wa wastani, kitanda kimoja lakini kipana, jua la bure mwaka mzima. Nikaahidi mtoto atajua Kiluhya na hatakosa ugali. Nimeambatisha picha yangu, miwani usoni. Nikawaomba kwa heshima wajibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu ya harusi.

Jumanne, 10 Machi
Kimya. Labda huko bado wamelala.

Hata hivyo sikukaa bure. Nilimkuta Shirleen bombani nikamwambia habari za Aino, nikamsihi asimwambie mtu yeyote. Kumsihi Shirleen hivyo ni sawa na kukodi kipaza sauti, na ndiyo sababu nilimsihi. Jioni mwenye duka alinipa mkate akasema, "Karibu tena, Mama Finland." Mama! Si Mama Aino, lakini ni Mama! Nilitoka dukani natembea juu juu. Nikarudi kununua kiberiti nisichokihitaji, ili aniite tena.

Jumatano, 11 Machi
Habari zimemfikia mama. Alirudi kutoka kiwandani Industrial Area na hakuvua hata viatu. Akauliza mtoto wa kizungu atalala wapi. Nikamwonyesha kochi. Akauliza atakula nini. Nikasema samaki, nimesoma. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu akaacha kucheka. Akasema watu wamemwita Mama Ayuma tangu siku niliyozaliwa, na jina hilo hakulipata kwenye simu. Alinibeba mgongoni alfajiri akisubiri kazi ya kibarua langoni, mvua ikinyesha, na msimamizi akawa anawachagua wasio na watoto kwanza. Akasema jina hilo bado analifanyia kazi mpaka leo, kila ninapovaa miwani niende chuo. Niliona haya, haya kweli. Nikamtengenezea chai ya maziwa mengi.

Wakati naimimina, jirani akapita dirishani akanisalimu, "Mama Finland!" Nikajisikia nafuu.

Alhamisi, 12 Machi
Kumbe umama una kazi! Mama Nalianya aliniita kwake. Akasema akina mama wamekaa wakaona ni vyema mama mtarajiwa afanye mazoezi. Nikakabidhiwa Ngigi. Shirleen alikuwa ameshafika mlangoni kabla sijajibu, anaenda kusukwa.

Ngigi analia kwa mwili mzima. Nilimwimbia, akazidisha. Nilimbeba mgongoni, leso ikafunguka, tukapona kwa neema. Mwishowe nikamsomea notsi za sosholojia, akalala papo hapo, kama darasa letu zima linavyofanya. Alipoamka alinishika kidole akakataa kukiachilia. Alinitazama kama mtu anayenijua. Nilimpenda! Kisha akaniharibia sketi.

Shirleen alirudi jioni, nywele safi, macho yamevimba. Alikuwa amesinzia kwenye kiti cha msusi wakamwacha alale. Akaniambia hajapata usingizi tangu Krismasi, na zile sherehe ndizo siku pekee anazoketi, kwa kuwa Ngigi huchukuliwa na wanawake wengine. Nilimhurumia sana. Nikamwuliza kama viti vya mbele vina mito.

Ijumaa, 13 Machi
Finland wamejibu!

Wamenishukuru kwa moyo wangu mkunjufu. Wamesema bado mimi ni mdogo mno. Wamesema pia kwao wazazi ndio wanaopanga foleni kungoja watoto, si watoto wanaongoja wazazi. Wamenitakia heri katika masomo. Yaani hata kukataa wanakataa kwa furaha.

Nimeamua jibu hili halijafika. Litafika Jumapili.

Jumamosi, 14 Machi
Niliketi!

Mstari wa pili, kitenge cha mama, mkoba mapajani. Niliagiza soda kwa kidole. Ikaja! Nikala pilau nikiwa nimeketi, na nawaambia pilau ya kuketi ina ladha nyingine kabisa. Nilikuwa na furaha kushinda bibi harusi.

Kisha Mama Nalianya akachukua kipaza sauti. Akasema kabla ya keki tumwombee mtoto aliye njiani, na Mama Finland asimame awaonyeshe watu picha ya huyo mtoto. Ukumbi mzima ukageuka. Nikasimama. Nikasema mtoto amecheleweshwa na theluji. Akauliza picha nayo imecheleweshwa na nini. Nikasema theluji. Mtu akaangua kicheko kule nyuma, na hapo hapo ukumbi wote ukalipuka. Mama Nalianya alicheka kwenye kipaza sauti.

Nilijikuta nje, mbele ya masufuria, miwani imejaa ukungu. Niliosha bila kuona. Baadaye mtu akachuchumaa kando yangu, akakunja mikono ya gauni lake zuri. Mama. Yeye mwenye haki zote za kuketi! Hakunigombeza. Alichukua sufuria kubwa akaanza kusugua, akasema tu, "Polepole, Ayuma. Umri haukimbizwi." Shirleen naye alituletea sahani ya nyama, Ngigi begani. Hakunituma chochote. Nilitaka kuwakumbatia wote watatu, lakini mikono ilikuwa na masizi.

Niliinua macho kuelekea dirisha la ukumbi nisiwaonyeshe machozi. Ndipo nikaona. Kwenye kochi pekee la ukumbi alikuwa ameketi Kukhu, nyanya wa bibi harusi. Ndiye aliyepewa keki ya kwanza. Mama Nalianya mwenyewe, pamoja na kipaza sauti chake, alikuwa amepiga magoti akimnawisha mikono! Kukhu hakuombwa picha. Kukhu hakuulizwa lolote.

Mama akauliza mbona nimeacha kusugua.

Jumapili, 15 Machi
Kosa langu lilikuwa kuasili mdogo!

Nimewaandikia tena Finland leo baada ya ibada. Nimewaeleza kwamba sasa natafuta mtu wa makamo, miaka arobaini hivi, mwenye watoto wake tayari, asiyehitaji kubebwa. Huyo hana foleni. Nikimwasili yeye, siku hiyo hiyo ninakuwa nyanya, na hakuna mama katika Kaloleni yote atakayenituma kitu. Nimeambatisha picha ile ile, ila nimejifunga leso kichwani na kukunja uso.

Nimewaomba wajibu kabla ya Pasaka. Kuna harusi nyingine.