Norme ya Nyumba, Norme ya Kiwanda

Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa viatu. Vilikuwa vyeupe kabisa, na katika mtaa wa Mapendo, hapa Goma, vumbi jeusi la volkeno hupanda miguuni hata kwa padri. Mwenye viatu hivyo alikuwa ameshushwa na pikipiki mlangoni mwa duka la fotokopi la mama Bibiche. Kwa hiyo hakuwa wa mtaa huu. Msichana wa moulin, mashine ya kusaga unga, aliyekuwa amekaa ng'ambo ya ukuta kati ya mabeseni ya mahindi, aliona hayo yote.

Mgeni aliitwa Cédrick. Alikuja kutoa fotokopi ya kadi isiyokuwa yake, lakini hilo tuliache. Alipokuwa akingoja, mama Bibiche akawasha mashine ya kukatakata karatasi. Maofisi ya mjini humletea makaratasi yao ya siri ayaangamize, naye vipande huviuza kwa wafuga kuku wa Kibumba, ambako vifaranga hulala juu ya siri za wakubwa bila kuzisoma. Mashine iliponguruma, redio ya mama kwenye rafu ikaanza kukwaruza. Mashine iliponyamaza, mhubiri ndani ya redio akaendelea na toba.

Mtu mwingine angesikia kelele. Cédrick alisikia wito. Kule Himbi alimjua bwana mmoja aliyetafuta mashine kama ile, na ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza vitu vimetoka wapi.

Akitoka, alichungulia moulin.

"Na wewe, murembo wa unga, unaitwa nani?"

Msichana akaangalia ndani ya beseni mpaka pikipiki ikaondoka.

Kesho yake Cédrick alirudi na beji shingoni, mfuko wa ngozi, na redio nzuri yenye gurudumu la kutafutia stesheni.

"Mama, mimi niko ingénieur wa mawimbi. Mashine yako inakosea watu."

"Inakosea nani? Iko inakula karatasi tu."

"Kila motere inatupa uchafu hewani, mama, na ule uchafu unaingia katika redio za jirani. Ndiyo maana kuna norme, ile kanuni ya serikali. Wakikukuta bila norme, mashine inabebwa."

Mama Bibiche akakaa. Fotokopi siku hizi kila mlango unatoa. Ni mashine ile iliyokuwa ikilisha watoto wake.

"Na hizo norme ziko ngapi?" aliuliza, kama mtu anayeulizia vyakula vilivyopo mgahawani.

"Mbili. Ya nyumba na ya kiwanda. Ya nyumba iko kali, sababu watu wanalala pale, wanasikiliza redio. Ya kiwanda iko pole. Katikati ya mamotere, nani atasikiliza misa?"

"Basi nipatie ya kiwanda."

"Norme haichaguliwi kama kitenge, mama. Ni mahali ndipo panachagua. Unalala wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Basi hapa ni nyumba."

Ukweli usemwe: mpaka hapo alikuwa hajadanganya, ukiacha beji. Ndio ufundi wa kazi hiyo. Uongo hupakwa juu ya ukweli kama siagi, na mtu anauma vyote pamoja.

Akawasha redio yake, akawasha na mashine. Redio ikakwaruza. Ndipo akatoa mfukoni pete nyeusi, ambayo zamani ilikuwa kwenye waya wa kompyuta iliyokufa, akaivalisha waya wa mashine kwa adabu ya padri anayefungisha ndoa. Mkono mmoja ulivalisha pete. Kidole gumba cha mkono wa pili kilisukuma gurudumu la redio kidogo tu, mpaka kwenye stesheni yenye nguvu. Rumba ikatoka safi. Watu waliongojea fotokopi wakasema eee.

"Lakini hii ni ya kujaribia," Cédrick alisema. "Ya kweli inafungwa ndani ya motere, katika laboratoire yetu. Ninabeba mashine leo, inarudi na norme ya nyumba. Bure. Ni mradi."

Neno bure lilimgusa mama Bibiche mahali pazuri. Hata hivyo alikuwa mfanyabiashara wa Goma.

"Mashine haitoke hapa bila gage, bila rehani, papa. Uache kitu chenye kinakuuma."

Cédrick hakupanga kuacha kitu, kwa sababu hakupanga kurudi. Akatabasamu kwa meno yote.

"Tufanye hivi, mbele ya hawa watu. Nawasha tena, pete ikiwa pale pale. Redio yangu ikikwaruza, inabakia kwako, na mfuko juu. Ikinyamaza, nabeba mashine bila gage."

Mama akaitazama redio ile nzuri, akatazama yake iliyofungwa kwa mpira, akasita kwa heshima.

"Nimekubali. Mumesikia wote?"

Wote walikuwa wamesikia. Kisha mama akageukia ukuta, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Mutoto wangu, yale mahindi hayajatosha?"

Moulin haiwashwi kwa beseni moja. Hungojwa mabeseni yajae, umeme usiliwe bure. Mtaa mzima unajua pia kwamba ikishawashwa hakuna redio inayosema neno, kwa sababu motere yake ni ya kizamani, inatoa cheche, na inakula waya mmoja na duka la mama. Mtaa mzima, isipokuwa mtu mwenye viatu vyeupe.

Msichana alikuwa na mabeseni ya kutosha tangu asubuhi. Alikuwa amechelewesha ili asikilize. Akavuta wenzo.

Redio ikapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Kidole gumba kikakimbia kulia, kikakimbia kushoto. Rumba haikuwepo, mhubiri hakuwepo. Cédrick akachomoa mashine ya karatasi kabisa. Kelele ikabaki.

"Ni ile moulin," alisema, shati likianza kulowa.

"Kumbe?" mama Bibiche alisema polepole. "Basi hapa kuna moulin. Moulin ni kiwanda, ama si kiwanda?"

Cédrick akajifuta jasho kwa kamba ya beji.

"Kama ni kiwanda, papa ingénieur, ulisema norme yake iko pole, na mashine yangu haina kosa. Kama si kiwanda, basi ni pete yako ndiyo haina kazi. Uchague wewe. Unajua norme kutushinda."

Watu walicheka mpaka mmoja akasahau fotokopi zake. Cédrick alicheka pia, lazima nimpe haki yake. Akavua beji, akaiweka juu ya mfuko, akainama mbele ya mama.

"Mama, ungekuja tufanye kazi pamoja."

"Nitakuajiri ubebe karatasi Kibumba," mama alijibu, mkono tayari juu ya redio.

Alipopita mbele ya moulin, unga ulikuwa umemfuata mpaka kope, na viatu vilikuwa na rangi ya mtaa. Akasimama, akauliza mara ya pili, safari hii bila "murembo", kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Lakini unaitwa nani?"

Moulin ilikuwa ikipiga kelele. Angejibiwa, asingesikia. Hata hivyo hakujibiwa.

Ni Igihozo. Naitwa Igihozo.