Uzinduzi wa Apu ya Chakula Kilichosalia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Waheshimiwa makatibu, manaibu makatibu, na wote wanaokaimu nafasi za manaibu makatibu. Waheshimiwa wake zetu, akiwemo wangu huyo mwenye gauni la kijani. Wanahabari, yaani yule bwana mwenye kamera. Na ninyi wananchi mliosimama juani na njaa zenu kwa utulivu wa kupigiwa mfano: itifaki imezingatiwa, na nisiyemtaja ajue nimemwona ila jina limenitoka. (Makofi. Gauni la kijani linapunga mkono.)

Ndugu wananchi, nimesimama hapa kifua mbele kuzindua Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Kubaini, Kukusanya na Kusambaza Chakula Kilichosalia, kwa kifupi Apu. Wataalamu wangu wamefanya upembuzi yakinifu, wakaupembua ule upembuzi, wakagundua jambo la kutisha: hoteli iliyo pale kwenye kona inamwaga masufuria mazima ya wali, wakati hatua mia mbili tu kutoka hapo, wazee wa nyumba ya wasiojiweza wanalala na chai ya rangi. Mimi nilipoisoma ripoti hiyo nililia. Nililia kwa dakika nne, na katibu wangu aliandika kumbukumbu. (Sauti: "Pole, mheshimiwa!") Nimeshapoa.

Katika kipindi cha majaribio, yaani pailoti, Apu yetu imewafikia walengwa mia nne kumi na mbili na nusu. (Sauti: "Nusu ndiyo nani?") Nusu ni mzee mmoja asiye na meno, alikula mchuzi akaacha nyama. Sisi hatupiki data, tunapika ukweli! Ufanisi ni asilimia mia moja na kumi na nne, na ingekuwa zaidi kama kikokotoo kisingezimika. (Makofi ya meza kuu.)

Na kabla ya mimi hali ilikuwaje? Aibu tupu! Kazi yote hii ilikuwa mikononi mwa Shangazi, huyo hapo mbele mwenye ndoo, ambaye kwa miaka kumi na mmoja amezunguka mitaani na mkokoteni na kisimu cha vitufe kilichofungwa mpira ili betri isidondoke. Mpishi wa hoteli akibakiwa na chakula anambipu. Mlio mmoja, mkate. Miwili, wali. Mitatu, njoo na ndoo, ni mchuzi. Hapokei mtu, haongei mtu! Shangazi naye anambipu mara moja, maana yake nakuja. Ndugu zangu, hiyo nayo ni teknolojia? (Umati: "Ndiyo!") Siyo! Ndiyo maana jana jioni ofisi yangu iliuhifadhi ule mkokoteni kwa kuufunga mnyororo kwenye nguzo kuu ya hema hili, na kile kisimu kikahamishiwa kwenye Kituo Kikuu cha Data, yaani mfuko wa koti langu, ili kupisha mabadiliko.

(Koti linalia. Kimya. Linalia tena. Kimya. Umati wote: "Wali!")

Tulieni. Huyo ni mkubwa mmoja kutoka juu ananipongeza. Kwa cheo chake huwa haongei, analia tu.

(Shangazi: "Mwanangu, huyo ni mpishi. Saa tisa kamili anamwaga, aoshe masufuria, na sasa ni saa nane na nusu. Wazee hawajatia kitu mdomoni tangu jana mchana. Nisipombipu atajua siji. Nipe simu yangu na unifungulie mkokoteni.")

Mama, hoja yako ni nzuri na imepokelewa. Iandike, uitumbukize kwenye sanduku la maoni, ambalo liko kwenye mchakato wa kutafutiwa mbao. Ila usiwe na hofu, wali huo Apu imeshauona! Tazameni skrini kubwa hapo nyuma yangu. Mtaalamu wa sistimu, onyesha! (Fundi wa mabango anachovya brashi, anaweka doa jekundu juu ya ubao.) Mnaliona? Hilo doa ndilo sufuria la wali, laivu. Na sasa linasogea! (Rangi inachuruzika.) Linashuka barabara kuu, linakata kushoto, linaelekea kwa wazee wetu kwa kasi ya kidijitali! (Sauti: "Mheshimiwa, limeingia mtaroni!") Linapita njia ya mkato.

(Koti linalia mara tatu. Umati: "Ndoo! Ndoo!" Shangazi: "Jamani, mchuzi nao. Imebaki robo saa.")

Ndugu wananchi, haraka ndiyo iliyotuchelewesha miaka yote, na sasa naomba niingie kwenye sura ya pili kati ya tisa za hotuba hii, inayohusu nafasi yangu katika… (Gauni la kijani: "Baba watoto, mpe mama wa watu simu yake! Unatutia aibu!") Mke wangu naye ni mdau, maoni yake tutayafanyia warsha.

(Shangazi anapanda jukwaani, anaingiza mkono kwenye koti, anatoa leso, anatoa kitana, anatoa simu. Anabipu mara moja. Umati unaruka.)

Makabidhiano hayo! Mpiga picha, mbona umelala? Awamu ya pili imeanza rasmi, kabla ya muda uliopangwa! (Shangazi: "Na ufunguo wa mnyororo?") Ufunguo, mama, uko salama kabisa kwa yule mgeni rasmi aliyepata udhuru. Hapana, ninyi wapagazi, acheni, hiyo nguzo ni ya… (Wapagazi sita wanaing'oa nguzo. Mkokoteni unaondoka mbio ukiburuta mnyororo. Hema linashuka polepole juu ya meza kuu. Hotuba inaendelea kutoka chini ya turubai.)

Kama mnavyoona, sasa tumekaribiana zaidi na wananchi. Apu! (Kimya.) Apu! (Gauni la kijani, kutoka chini ya turubai: "Hoyee. Haya, maliza.") Mabaki kiganjani! Njaa nje, mtandao ndani!

Kwa namna ya pekee namshukuru fundi wa mabango, aliyeichora Apu kwa siku mbili kwa vile wa kuitengeneza hatukuwahi kumtafuta. Nawashukuru wataalamu wangu, ambao tutawaajiri. Namshukuru Shangazi, kwani wale walengwa mia nne kumi na mbili na nusu ni wake, sisi tuliwahesabu tu dirishani akiwapitia. Na kwa kuwa kamati ya vyakula ilipangiwa kutuletea chakula kwa kutumia Apu, sisi wa meza kuu, watu ishirini na mmoja, hatujala tangu asubuhi. Shangazi, ukitoka hotelini tunaomba utupitie.

(Shangazi, kutoka barabarani: "Wazee kwanza! Nanyi mtapanga foleni kama watu wengine!")

Pendekezo limepitishwa. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa jamani, foleni inaanzia wapi?