Mota ya Maji Matamu

Jumatatu, 10 Novemba 2025. Ibra

Nimechoka, na wiki yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Jumana, binti yangu mkubwa, anaolewa. Milka, yaani kufunga nikaha, ni Jumamosi ya tarehe 22, Sur, nyumbani kwa kina mama yake, baada ya sala ya Alasiri. Harusi yenyewe itafuata baadaye. Wakwe watarajiwa wanatoka Samail. Kazi yangu siku hiyo ni moja. Mimi ndiye walii. Nikae mbele ya shekhe, nishike mkono wa kijana, niseme maneno, basi. Ghalia, mke wangu, ameniomba nisiongeze kitu.

Nimeshaongeza. Ijumaa tulikuwa Sur kwa chakula cha mchana. Muadh, kaka yake Ghalia, akasema samaki wa karamu ataleta yeye. Ana boti yenye injini mbili, na kila siku samaki analeta yeye. Watu wakaitikia vizuri. Hakuna aliyenitazama. Kisha nikasikia sauti ikisema kwamba samaki wa milka ya binti huletwa na baba yake, kwa mkono wake mwenyewe, juu ya kayaki. Sauti ilikuwa yangu. Mama mkwe, Bi Mahbouba, akauliza kwa huruma kama nimelala vizuri.

Watu wa Sur wameijua bahari tokea matumboni mwa mama zao. Sisi asili yetu Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Tangu nioe pale naitwa mtu wa maji matamu. Hawasemi kwa ubaya. Ndiyo maana inauma.

Kayaki nimeinunua leo, ya mtumba. Rangi ya chungwa. Mgongo wangu umekwisha kwa kuibeba.

Jumatano, 12 Novemba

Mimi ni mtu wa manunuzi. Ofisini nimechagua viti, majenereta, mashine za fotokopi, na hakuna aliyekufa. Mota ya kayaki itanishinda?

Nimetazama video nyingi kuliko afya ya macho inavyoruhusu. Wazungu wenye kofia wanavua samaki anaitwa besi, katika maziwa yaliyotulia tuli. Omani besi hayupo. Haidhuru. Anayejua ziwa anajua maji.

Nimepima hivi. Kasia: mabega hayataki. Pedeli: magoti yamekataa kabla sijauliza. Imebaki mota ya umeme. Zipo za maji ya chumvi na zipo za maji matamu. Ya chumvi ni nzito, haina mbwembwe. Ya maji matamu inaongozwa na rimoti unayoivaa shingoni. Nimependa rimoti. Muuzaji wa Maskati akaniuliza kwa simu nitavua wapi. Nikamjibu kwa heshima kwamba sisi ni watu wa ziwa. Akasema basi hiyo itanifaa kabisa. Kwa hiyo nimefuata ushauri wa mtaalamu.

Betri: ya lithiamu ni nyepesi na inadumu. Ya gari ni nzito kama dhambi na inakata upesi. Lakini gari la Ghalia linalo betri nzima, na siku za kazi Ghalia anapewa lifti na mwalimu mwenzake. Betri inakaa bure. Huu ndio uchumi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwalimu mwenzake aliugua jana.

Ghalia hajanipigia kelele. Alisema tu kwamba aliingia garini, akageuza ufunguo, na akanifikiria mimi moja kwa moja. Betri nimeirudisha. Nimenunua nyingine ya namna ileile, kwa sababu sasa nimeizoea.

Jioni Muadh akapiga simu. Salamu ndefu, habari za mama, habari za gari. Kisha akaniambia kwamba tarehe 22 mwezi utakuwa mchanga, maji ya bamvu, yale yanayojaa sana na kutoka sana, na bamvu likitoka khoor ya Sur inabaki tope tupu mpaka jioni. Khoor ni ule mkono wa bahari ulioingia ndani ya mji, wenye mikoko, ninapokusudia kuvua. Akasema nikitaka kutoka nitoke asubuhi, na Alasiri isinikute humo.

Nimeuona mpango wake. Ananitisha ili samaki arudi kwake. Nikamshukuru kwa ubaridi, nikamwambia nina mota. Akasema inshallah kheri.

Ziwani maji hayaendi popote. Unayaacha usiku, asubuhi unayakuta.

Jumapili, 16 Novemba

Majaribio leo. Jirani yangu Sultan ana shamba la mitende na birika kubwa linalojazwa maji ya falaji, mfereji wa kijiji ambao kila shamba lina zamu yake. Nilimwomba ruhusa. Akasema ahlan wa sahlan, ila zamu yake ya maji inaanza Alasiri, na hapo lazima afungue birika, maji yaende mitendeni. Nikasema hakuna shida.

Mota ni nzuri ajabu. Nimezunguka birika kwa rimoti, mikono kifuani. Nikaenda mbele. Nikaenda nyuma. Nikajisahau. Nilikuwa katikati nikijifunza kugeuka mahali pamoja, nikaona kuta za birika zinarefuka.

Sultan alikuwa amefungua. Simlaumu, zamu ya falaji haingoji mtu, ikipita imepita, na mitende ilikuwa na kiu. Nilimpungia mkono ili aone kwamba nimo. Akanipungia na yeye. Kayaki ikakaa juu ya utelezi wa kijani, ikalala ubavu. Panga la mota likapiga sakafu, likamegeka ncha. Nikajaribu kupanda ukuta, nikateleza, nikajaribu tena. Mwisho Sultan akashusha ngazi, na juu ya ngazi akanipokea na kahawa. Aliniambia kwamba maji yana mwenyewe na yana saa yake. Watu wa Ibra hata kukuopoa wanakuopoa kwa mafunzo.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili. Tatizo ni nguvu ya mota.

Alhamisi, 20 Novemba

Panga nimelifunga kwa gundi ya chuma. Nimeongeza kioo cha kuonesha samaki, vishikizo vinne vya fito za kuvulia, nanga ya kukunja, jaketi la kuelea lenye mifuko ya vitafunio. Kayaki sasa inazama kidogo upande wa kulia. Nimehamishia betri kushoto. Sasa inazama kushoto.

Jumana alikuja barazani nikiwa nafunga nyaya. Akakaa juu ya ndoo. Hakucheka, na kayaki imejaa vitu vya kuchekesha. Akasema, "Baba, mimi samaki staki. Nataka wewe tu, uje ukae pale kwa wakati." Nikamwambia nitakuwepo kabla ya shekhe. Akaniuliza kama ni ahadi. Nikasema ni ahadi. Nilisema kwa dhati. Nampenda mtoto huyu.

Ndiyo maana nimebuni njia ya uhakika. Jumamosi asubuhi nitanunua nguru mzima sokoni Sur. Nitamficha chini ya taulo. Baada ya Adhuhuri nitazunguka nyuma ya mikoko, nikae kidogo, nirudi mbele ya nyumba ya Bi Mahbouba nikiwa naye mkononi. Hakuna kuvua. Hakuna hatari. Kinachotakiwa ni kuonekana tu narudi.

Jumapili, 23 Novemba. Bado Sur

Tope bado limo kwenye kucha. Naandika hivyohivyo.

Jana asubuhi mambo yote yalikuwa sawa. Nguru nilimpata, mkubwa, nikamlaza juu ya barafu. Kanzu yangu mpya ilitundikwa, kilemba kimepigwa pasi. Nikaswali Adhuhuri. Nikamwambia Ghalia nanyoosha miguu kidogo. Alinitazama nikienda pwani na jaketi la kuelea.

Khoor ilikuwa na maji. Kidogo, lakini maji. Nikafika nyuma ya mikoko, pazuri, kimya, upepo wa kulala. Nikangoja, ili isionekane nimemvua upesi mno. Nikala vitafunio. Nikasinzia kidogo, nadhani. Nilipowasha mota ikalia kama mtu anayesukutua, ikanyamaza. Chumvi imeingia. Mota ya maji matamu. Nikashika kasia. Kasia likachota tope.

Nikatoka kwa mguu. Mguu ukazama mpaka pajani, kandambili ikabaki chini huko, nayo itabaki mpaka Kiyama. Nikarudi kwenye kayaki kwa tumbo. Simu niliitoa niombe msaada, ikanitoka mkononi, ikaingia topeni kwa adabu, bila sauti.

Kutoka pale naiona nyumba ya Bi Mahbouba. Naona magari ya watu wa Samail yamepangwa. Naona msikiti. Nikasikia adhana ya Alasiri, nikaswali nimekaa. Nilimwomba Mola maji. Sijawahi kuomba maji ya chumvi maishani.

Watu walipotoka msikitini wakaanza kunitafuta, na rangi ya chungwa haijifichi. Wakaja ukingoni. Muadh mbele, kanzu nyeupe, viatu mkononi. Nyuma yake shekhe, nyuma ya shekhe baba wa kijana na wazee wote wa Samail, na kilemba cha kila mmoja kimekaa sawa. Mimi nina tope mpaka nyusi. Nikasalimu. Wakaitikia wote kwa pamoja, vizuri kabisa.

Muadh akapaza sauti kwamba boti haifiki, gari halifiki, maji yatarudi baada ya Magharibi. Shekhe akasema ana nikaha nyingine baada ya Magharibi, mbali, na hawezi kungoja. Akasema walii anaweza kumweka wakili. Amchague mtu, atamke, yeye na mashahidi wasikie kwa masikio yao.

Nilijua ni nani. Wote walijua. Mwanamume mwenye akili, aliye karibu, aliyevaa kanzu safi, ni mmoja.

Nikapendekeza tuahirishe mpaka kesho. Baba wa kijana akatazama mchanga. Nikapendekeza jirani yangu Sultan. Shekhe akauliza Sultan yuko wapi. Nikasema yuko Ibra, anamwagilia.

Hapo Jumana akatoka nyumbani. Amevaa nguo ya kijani ya milka, shela mpaka chini, mama yake anamshika mkono. Hakufika ukingoni, alisimama pale mlangoni, lakini sauti yake ilinifika. "Baba, mpe mjomba. Mpe tu, tafadhali."

Nikasimama juu ya kayaki. Ikayumba, nikakaa. Nikasema nikiwa nimekaa, kwa sauti yote niliyonayo, kwamba mimi Abdullatif nimemweka Muadh kuwa wakili wangu amwozeshe binti yangu Jumana. Shekhe akaomba nirudie, upepo umemeza jina. Nikarudia. Muadh. Nikalisema jina lile mbele ya Sur na Samail, na ndege wote wa pwani.

Muadh hakutabasamu. Ningependa angetabasamu, ningepata cha kumchukia. Alisema amekubali, akaweka mkono kifuani, akaondoka nao.

Nikabaki. Baada ya muda nikasikia vigelegele kutoka ndani ya nyumba. Ndiyo hivyo, mwanangu ameolewa, na mimi nimekaa na samaki. Nililia. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo naweza kuandika.

Maji yalirudi gizani. Muadh akaja na boti, taratibu, kwa injini moja. Akanivuta. Alipomnyanyua nguru akamgeuza, akamtazama tumboni. Muuza samaki, kwa mazoea yake, alikuwa ameshampasua na kumtoa matumbo. Muadh akamfunika tena taulo. Nyumbani akawaambia wanawake kwamba huyu ni samaki wa baba wa Jumana, apikwe. Bi Mahbouba akaniletea maji ya moto ya kuoga, akasema samaki ni mzuri.

Yule kijana, mkwe wangu sasa, akaja kunibusu kichwa. Pamoja na tope lote.

Jumatano, 26 Novemba. Ibra

Mafua. Mgongo. Ghalia anaongea nami kuhusu chumvi na mkate tu.

Jumana alikaa nami baada ya Magharibi. Nilimwomba msamaha. Akasema ameshasamehe, alisamehe palepale mlangoni, kwa sababu aliona jinsi ilivyokuwa ngumu kwangu kulisema lile jina na nikalisema mara mbili. Akasema ana ombi moja tu. Harusi ni Alhamisi ya tarehe 4 Desemba, Samail, ukumbini. Siku hiyo nisiwe na jambo jingine kichwani. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia Alhamisi hiyo mimi ni baba yake, sina cheo kingine. Tukalia wote wawili. Nimesikia nafuu kubwa kifuani.

Baadaye nikakaa peke yangu nikapitia kisa chote kwa utulivu, kama tunavyofanya ofisini zabuni ikiharibika. Muadh hakukosea chochote. Shekhe hakukosea. Maji nayo, sawa, yana tabia zake. Kosa lilikuwa kwenye manunuzi. Mota ilikuwa ndogo. Kwa mota ya chumvi yenye nguvu maradufu na betri mbili za lithiamu ningepita juu ya tope lile kabla halijawa tope, nikafika kwa shekhe bila kiatu kulowa.

Nimeshaagiza. Wauzaji wanasema mzigo unafika Alhamisi ya tarehe 4, na gari lao halipiti Ibra siku hiyo, lakini Samail wanapita. Nimewapa jina la ukumbi. Nimemwambia dereva asihangaike kupiga simu, aingie tu na boksi na amuulize mtu yeyote, baba wa bi harusi yuko wapi.